Maneno 12 ya Waleti Yako: Utayaficha Wapi Nyumbani?

Ukisahau PIN ya pesa za simu, unaenda dukani na kitambulisho, unahudumiwa, maisha yanaendelea. Lakini waleti ya kripto unayoishika mwenyewe haina duka wala namba ya kupiga. Ina maneno 12, au 24, uliyopewa siku ulipoifungua. Simu ikitumbukia baharini pale feri ya Likoni, maneno hayo ndiyo yatakayorudisha pesa kwenye simu mpya. Na mwingine akiyapata, pesa ni zake.

Mwaka 2013, James Howells wa Newport, Wales, alipoteza diski ya kompyuta yenye ufunguo wa bitcoin karibu 8,000. Ilitupwa jaani. Januari 2025 mahakama ilikataa kesi yake ya kutaka kulichimbua jaa hilo. Nakala moja tu ingemwokoa.

Sasa sisi wa Airport, Magongo na Chaani tufanyeje?

1. Andika kwa mkono
Usipige picha, usijitumie WhatsApp. Picha inaweza kujihifadhi mtandaoni bila wewe kujua. Tumia penseli, maana wino mwingine huyeyuka ukipata maji. Weka namba 1 hadi 12. Mpangilio ukibadilika, pesa huzioni.

2. Jikinge na Pwani yenyewe
Unyevu, mchwa na mende hula karatasi. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu. Ukitaka ya kudumu, gonga herufi kwenye bamba la chuma cha pua. Chuma cha kawaida hushika kutu upesi kwa hewa ya chumvi. Gonga mwenyewe. Ukimpa fundi wa jua kali, umempa waleti.

3. Chagua mahali kwa akili
Chini ya godoro na kwenye kopo la sukari ndipo mwizi anapoanzia. Kitabu kikuukuu nacho kinaweza kuishia kwa muuza njugu. Kama umepanga, usifiche darini: mwenye nyumba akileta fundi wa paa, siri imetoka. Bahasha iliyofungwa ndani ya faili la vyeti vyako ni afadhali, kwani hata ukihama ghafla, faili hilo huliachi.

4. Nakala mbili, nyumba mbili
Moja kwako, nyingine kwa mfano kwa mama kule Kilifi. Moto ukitokea, moja inabaki. Usigawe maneno sita huku na sita kule. Nusu moja ikipotea, zote zimekwenda.

5. Mtu mmoja ajue
Si maneno, bali bahasha iko wapi. Ukifariki bila kusema, familia haina pa kwenda kudai.

Kabla ya kuweka pesa nyingi, weka kidogo, futa waleti, kisha irudishe kwa maneno uliyoandika. Ikifunguka, uko salama.

Na tukumbushane: sisi hatutakuuliza PIN wala maneno haya, hata siku moja. Anayekupigia akiyataka, kata simu.