Judo: Jifunze kuanguka kabla ya kuangusha

Judo ni mchezo wa mieleka ulioanzishwa nchini Japani na mwalimu Jigoro Kano mwaka wa 1882. Hauna ngumi wala mateke. Ukichezwa ipasavyo, huimarisha moyo, misuli na mifupa. Lakini kijana wa Garissa, Wajir au Mandera anayeuona kwenye televisheni au simu, kisha akaujaribu juu ya ardhi kavu, anaweza kuumia vibaya. Ni vyema basi ufahamu aina za mbinu zake na hatari ya kila moja.

Mbinu zimegawanyika katika mafungu mawili makuu. Fungu la kwanza ni la kuangusha, liitwalo nage-waza. Mchezaji humvuta au humsukuma mwenzake hadi apoteze mizani, kisha humwangusha kwa mikono, kwa nyonga au kwa kumfagia miguu. Wakati mwingine hujiangusha mwenyewe makusudi ili ampindue mwenzake. Anayeanguka vibaya huumia kichwa, shingo, mtulinga au kifundo cha mkono.

Fungu la pili ni la kudhibiti, liitwalo katame-waza, na hutumiwa zaidi wachezaji wakiwa chini. Lina mbinu tatu: kumbana mwenzako chali asiinuke, kumkaba shingo na kumpinda kiwiko. Kukaba hubana mishipa ipelekayo damu kwenye ubongo, na mtu anaweza kuzimia kwa sekunde chache. Kwa sababu hiyo, aliyezidiwa hupiga mkeka au mwili wa mwenzake mara mbili, naye huachiliwa papo hapo. Watoto wasifundishwe kukaba wala kupinda viungo.

Kabla ya mbinu hizo zote, mwanafunzi hufundishwa kuanguka, yaani ukemi. Weka kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini. Usijikinge kwa kunyoosha mkono nyuma, kwani ndivyo mifupa inavyovunjika. Badala yake, piga mkeka kwa kiganja na mkono mzima ili kishindo kisambae. Pasipo mkeka wala mkufunzi, usiangushane na mtu. Jizoeze kuanguka tu, ukianzia umechuchumaa, juu ya mchanga mwingi wa laga kavu. Fanya hivyo asubuhi mapema au jioni jua likipoa, na unywe maji ya kutosha.

Mtu akigonga kichwa, aache mchezo siku hiyo hata akisema yu mzima. Mpeleke hospitalini haraka akizimia, akitapika, akichanganyikiwa, akipata degedege au akilalamika kuwa kichwa kinazidi kumuuma. Akiumwa na shingo au kufa ganzi miguu, asiinuliwe wala kugeuzwa ovyo.

Kiungo kilichoteguka au kuvunjika kisivutwe wala kukandwa. Kifunge na ubao au kitambaa kisitikisike, kisha nenda hospitalini ukapigwe picha. Iwapo umeanza kwa mganga wa mifupa, tazama vidole. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi au maumivu yakizidi, bandeji imebana mno. Ifungue mara moja na uende hospitalini, kwani damu isipopita kwa saa chache, mkono au mguu huweza kuoza na kukatwa.

Mzazi, mtoto wako akiomba kujiunga na judo, usimkataze. Muulize mkufunzi wake kwanza: mikeka iko wapi, na je, watoto wamefundishwa kuanguka?