MVUMILIVU HULA MBIVU, LAKINI MTI ALIUPANDA NANI?



Katika shamba moja la chai ambalo tumelitembelea mara nyingi kwa kazi ya chama, wachumaji walikuwa na malalamiko juu ya mizani. Mtu alifika na kikapu kilichojaa hadi mdomoni, karani akamwandikia kilo pungufu. Akiuliza, aliambiwa kwamba zimekatwa kwa ajili ya maji ya mvua na uzito wa kikapu. Siku za mvua zilikatwa, na siku za jua kali zilikatwa vile vile.

Wachumaji walipomwendea mnyapara, hakuwatukana. Alitabasamu akasema, "Ninyi ni watu wazima. Mnajua kwamba mvumilivu hula mbivu. Basi vumilieni."

Wakarudi kambini kimya. Jioni ile mama mmoja mtu mzima, ambaye mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu wa chai, alituambia hivi: "Wanangu, methali hiyo nimeisikia miaka kumi na moja. Mbivu wanakula wengine."

Maneno yale yalitukosesha usingizi. Maana sisi wenyewe, tunaozunguka kuunganisha wafanyakazi, hatufungui mkutano bila methali. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Tunasema subira yavuta heri. Ikiwa mnyapara na chama wanatumia methali zile zile, basi mmoja wetu haielewi maana yake, au anaielewa sana na kuigeuza makusudi.

METHALI ZINASEMA NINI HASA

Tuzitazame moja moja. Bandu bandu huisha gogo. Gogo halikuisha kwa kutazamwa. Yuko mtu ameshika shoka, anabandua leo kipande na kesho kipande. Haba na haba hujaza kibaba. Yuko mtu anayetia nafaka ndani ya kibaba, na yuko anayechunga kibaba kisitobolewe chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapo methali inatoa amri kabisa: inama, nyosha mkono, uchukue.

Majirani zetu nao wanasema hivyo hivyo. Waganda husema "Kamukamu gwe muganda", yaani kimoja kimoja ndicho kinachofanya mzigo. Wamalawi husema "Pang'ono pang'ono ndi mtolo", kidogo kidogo ndio mzigo wa kuni. Lugha mbili zilizo mbali, lakini mzigo ni mmoja! Wanyarwanda na Warundi husema "Buhoro buhoro ni rwo rugendo", polepole ndiyo safari. Aliyeketi chini hana safari, wala ya haraka wala ya polepole. Methali inamsifu anayekwenda.

Sasa turudi kwenye ile ya mnyapara. Mvumilivu hula mbivu. Kila mkulima anajua kwamba ndizi haiivi kwa ajili ya mtu aliyekaa tu. Kuna aliyepanda, aliyepalilia, na aliyelinda shamba lisiingiwe na nyani. Huyo ndiye mvumilivu. Mtu anayekaa mikono mapajani huku nyani wanakula, huyo si mvumilivu, ni mtazamaji.

Kwa hiyo kuvumilia kuna namna mbili, ndugu. Kuna kuvumilia mzigo, na kuna kuvumilia kazi ya kuutua mzigo. Mnyapara anatuhubiria ya kwanza. Wazee wetu walitufundisha ya pili.

WENZETU WA RELI, 1947

Tutoe mfano wa kweli. Huko Afrika ya Magharibi, wakati wa ukoloni wa Ufaransa, kulikuwa na reli kutoka Dakar katika Senegal mpaka mto Niger katika nchi inayoitwa leo Mali. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Karakana yake kubwa ilikuwa katika mji wa Thiès. Wafanyakazi wengi mno wa Kiafrika walihesabiwa kuwa wasaidizi tu, hata kama mtu amefanya kazi miaka mingi. Wazungu walikuwa na ngazi yao ya mishahara na haki zao, na Waafrika wachache tu ndio walioandikwa katika ajira ya kudumu.

Mwaka 1938 wafanyakazi wa Thiès waligoma. Askari walipiga risasi, na watu sita wakafa. Mtu angeweza kusema mambo yameishia hapo. Mwaka 1946 wafanyakazi wengi wa Dakar waligoma, lakini wale wa reli hawakujiunga. Hapo napo mtu angeweza kukata tamaa. Lakini mwaka huo huo watu wa reli walibadilisha viongozi wao, wakamchagua Ibrahima Sarr. Aprili 1947 walifanya mgomo mfupi. Kisha tarehe 10 Oktoba 1947 wakaacha kazi katika reli zote za makoloni yale, watu wapatao 20,000. Walidai ngazi moja ya kazi na mishahara kwa wote, Mwafrika na Mzungu.

Wakubwa walifikiri njaa itawarudisha upesi. Haikuwarudisha. Jamaa zao vijijini waliwapelekea chakula. Wafanyabiashara waliwasaidia. Wanawake walihangaika sokoni ili watoto wale, nao hawakumstahi mwanamume aliyerudi kazini kwa siri. Ni kweli kwamba si wote walifika mwisho. Watu wa reli ya Abidjan walirejea kazini Januari 1948. Wengine waliendelea kushikilia mpaka tarehe 19 Machi 1948. Hiyo ni zaidi ya miezi mitano bila mshahara.

Je, walipata yote? Hawakupata yote. Walikubaliana nusu kwa nusu katika mambo mengi. Lakini mishahara ilipandishwa, hawakuadhibiwa kwa kugoma, na njia ilifunguliwa kwa wasaidizi kuingizwa katika ajira ya kudumu. Na mwaka 1952, baada ya mgomo mwingine mkubwa, sheria mpya ya kazi ilipitishwa kwa makoloni ya Ufaransa. Iliweka wiki ya kazi ya saa 40 na likizo yenye malipo.

Katika nchi zile zinazopitiwa na reli ile, Wabambara wana methali isemayo kwamba kidogo kidogo ndege hujenga kiota chake. Wawolofu husema kwamba polepole ndivyo anavyokamatwa nyani porini. Tazama miaka: 1938, 1946, 1947, 1952. Kila mwaka ni jani moja katika kiota. Jani la kwanza lililowa damu, lakini halikutupwa.

TURUDI KWENYE MIZANI

Baada ya maneno ya yule mama, wachumaji wa lile shamba walikubaliana jambo dogo. Walinunua daftari. Kila jioni kijana mmoja aliyesoma kidogo aliandika jina la mtu, kilo alizoandikiwa na karani, na hali ya hewa ya siku ile. Kisha wakaazima mizani ya mnunuzi wa kahawa, wakapima vikapu vitupu. Ikaonekana kwamba kikapu kitupu hakifikii hata nusu ya uzito uliokuwa ukikatwa.

Usidhani mambo yalinyooka. Kijana yule aliondolewa kwenye chai, akapelekwa kupasua kuni. Daftari likashikwa na mwingine. Wengine walichoka wakasema, "Kuandika kutatusaidia nini?" Kuna miezi ambayo waliotoa ada ya chama hawakufika kumi. Tulikwenda kwenye mikutano tukakuta benchi tupu na mvua. Tunasema kweli, hata sisi tulitamani kuliacha shamba lile.

Lakini daftari halikukatika. Mwaka wa pili tulipokaa mezani na wakubwa wa shamba, hatukwenda na hasira peke yake. Tulikwenda na kurasa. Walipinga siku ya kwanza, walipinga siku ya pili. Siku ya tatu walikubali vikapu vitupu vipimwe mbele ya watu, na mchumaji mmoja aliyechaguliwa na wenzake asimame karibu na karani kila mara majani yanapopimwa. Juu ya maji ya mvua hawakukubali kuacha kukata, ila walikubali kwamba siku ya jua isikatwe kitu.

Yule mama hakuwapo. Alikuwa amerudi kwao kwa sababu ya maradhi ya mgongo, na kilo zake za miaka yote ile hazikurudishwa. Hilo lazima tuliseme. Methali haikuahidi kwamba kila aliyepanda atakula. Mara nyingine anayepanda ni huyu na anayekula ni mtoto wake. Ndiyo sababu mtu asivumilie peke yake. Akichoka mmoja, daftari lishikwe na mwingine.

TUFANYE NINI

Ndugu zetu wa viwandani na mashambani, msiwaachie wanyapara methali za babu zetu. Mtu akikuambia vumilia, muulize kwa upole: tuvumilie tukifanya nini? Kama hana jibu, anakuomba unyamaze tu.

Andikeni kilo zenu, saa zenu za ziada, na siku mlizofanya kazi. Tunzeni hati za mishahara, msifungie karanga. Toeni ada hata mwezi ambao hamwoni faida. Hudhurieni mkutano hata mvua ikinyesha, kwa sababu watu wanne kwenye benchi ni bora kuliko benchi tupu. Na anayerudi nyuma kwa woga msimtukane, mwendeeni nyumbani kwake mzungumze naye, maana kesho mtamhitaji.

Gogo ni kubwa, ndugu, na shoka letu ni dogo. Lakini bandu bandu.

Umoja ni nguvu.