Gari inapiga «ko» chini: karda inaonya mbele ya kukatika

Shofere anaingiza vitesi ya kwanza, anaachilia ambrayaje, na chini ya pikapu kunasikika «ko!». Katika barabara za Kivu, Ituri na Tanganyika, wengi wamezoea hii sauti na wanaendelea na safari. Lakini mara nyingi inatoka kwenye karda, ile chuma ndefu inayopeleka nguvu ya motere kwenye magurudumu ya nyuma. Ikisikilizwa mapema, kazi inaweza kuishia kwa grese ao kwa kipande kimoja kidogo. Ikiachwa, karda inaweza kukatika katikati ya mteremko, watu wakiwa wamekaa juu ya mizigo.

Karda inafanya kazi gani?

Motere na bwati ya vitesi vimefungwa kwenye shasi, havipandi wala kushuka sana. Magurudumu ya nyuma yenyewe yanapanda na kushuka kila mara gari inapita kwenye shimo ao jiwe. Kwa hiyo chuma inayounganisha pande hizi mbili haiwezi kuwa moja kwa moja, sherti iwe na viungo vinavyokunjika.

Kwenye kila kiungo kuna kipande cha umbo la msalaba ambacho mafundi wanaita kruwaziyo. Kila mkono wa huo msalaba unaingia ndani ya kikombe kidogo cha chuma, na ndani ya kikombe kuna sindano nyembamba nyingi za chuma zinazozunguka katika grese. Jina «karda» linatoka kwa Gerolamo Cardano, mtaalamu wa hesabu wa Italia aliyeishi kati ya 1501 na 1576.

Tena, urefu wa karda unabadilika kila wakati resori zinapobonyea. Ndiyo maana iko na sehemu moja yenye meno marefu, chuma moja inaingia ndani ya ingine na kuteleza. Pikapu ndefu nyingi ziko na karda ya vipande viwili, na katikati kuna rulema iliyoshikwa na mpira chini ya shasi.

Adui wa vitu hivi vyote ni maji, matope na vumbi. Vikishaingia ndani, grese inaoshwa, sindano zinashika kutu, zinachimba ile chuma, na nafasi inapatikana. Kila mara nguvu ya motere inageuka upande, chuma inapita hiyo nafasi na kugonga. Hiyo ndiyo «ko» inayosikika.

Inalia wakati gani?

Mbele ya kufungua bulo hata moja, fundi mzuri anauliza kwanza: inalia wakati gani?

Ikilia kila mara shofere anapoachilia mafuta na kukanyaga tena, ao akitoka kwenye vitesi ya mbele kwenda ya kurudi nyuma, kruwaziyo ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Ikilia mara moja tu gari inaposimama ao inapoanza kutembea, mara nyingi ni yale meno marefu yaliyokauka. Yanakwama, kisha yanaachia kwa nguvu. Hapo grese peke yake inaweza kutosha.

Ikipiga kelele kama ndege, «kwi, kwi, kwi», gari ikitembea polepole na kelele inaongezeka pamoja na mwendo, ujue sindano zimekauka. Hapo bado haijaanza kugonga, na huu ndio wakati ambao matengenezo ni ya bei rahisi.

Ikitetemesha gari yote kwenye mwendo fulani, tazama rulema ya katikati na mpira wake, ao karda iliyopindika kwa kugonga jiwe.

Lakini si kila «ko» ni ya karda. Mipira inayobeba motere na bwati ikipasuka, motere inaruka na kugonga. Bulo zinazofunga malame ya resori zikilegea, ekseli yote inasogea. Meno ya diferansieli yakiliwa, nayo yanagonga. Ndiyo sababu wenye magari wengine wananunua kruwaziyo mpya, wanafunga, na kesho yake sauti iko palepale.

Kwanza zuia gari

Magurudumu ya nyuma yanashikwa na motere kupitia karda. Ukiifungua, vitesi haiwezi tena kuzuia gari isitembee, hata ukiiacha kwenye ya kwanza. Kwenye malori mengine madogo, kama Mitsubishi Canter nyingi, freni ya mkono yenyewe inashika karda nyuma ya bwati na haishiki magurudumu. Karda ikitoka, na freni ya mkono imekwenda.

Kwa hiyo gari isimame kwenye uwanja tambarare, ufunguo utolewe, na mawe makubwa yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Gari iliyonyanyuliwa na kriki peke yake haiingiwi chini. Sherti ikalie juu ya mbao nzito ao vigingi vya chuma.

Kupima kwa mikono

Vitesi ikiwa katikati na freni ya mkono imefungwa, shika kiungo kwa mikono miwili, mkono mmoja upande huu wa msalaba na wa pili upande ule. Zungusha mikono kwa kupingana, kisha sukuma juu na chini. Kwenye kruwaziyo nzima hutasikia nafasi yoyote. Hata kulegea kidogo kunatosha kusema imekwisha. Tazama pia kandokando ya vikombe: unga mwekundu kama wa kutu unaonyesha kwamba ndani mmekauka.

Kisha zungusha karda yenyewe. Ikicheza kidogo mbele ya kushika, ni kawaida, kwa sababu meno ya diferansieli yanahitaji nafasi ndogo. Ikicheza sana na viungo vyote viko imara, ugonjwa uko ndani ya diferansieli.

Malizia kwa bulo. Kwa kawaida karda inafungwa kwa bulo nne kila upande, na moja ikilegea zingine zinaanza kugonga. Mara nyingine ugonjwa wote ni huo tu. Mpira wa bwati unapimwa kwa kunyanyua bwati polepole na ubao, motere ikiwa imezimwa. Ikipanda kwa urahisi na mpira unaachana, basi umepasuka.

Grese ao kubadilisha?

Kama bado hakuna kulegea, pompe ya grese inatosha. Magari mengi ya kazi, kama Land Cruiser za pikapu, yako na vichwa vidogo vya kuingizia grese kwenye kila kruwaziyo. Panguza kichwa kwanza ili mchanga usiingie, kisha piga pompe paka grese mpya itoke kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka kwenye vitatu tu, kile cha nne kimeziba na kitakufa peke yake. Kwenye meno marefu usijaze kupita kiasi: ukiona karda inaanza kurefuka, acha, kwa sababu grese iliyobanwa humo inazuia chuma kuteleza.

Ikiwa kuna kulegea, grese haiponyeshi. Inanyamazisha sauti siku chache tu, na hatari inabaki. Kuchomea kikombe kwa sudire ni vibaya zaidi, kwa maana moto unapindisha masikio ya karda na kipande hakitatoka tena kikiwa kizima.

Wakati wa kubadilisha, fundi apige alama ya rangi ao ya patasi mbele ya kufungua, kwenye kila sehemu zinazoachana. Masikio ya mwanzo na ya mwisho ya karda yanapaswa kukaa kwenye mstari mmoja. Yakirudishwa kwa kupishana, kruwaziyo mpya itatetemesha gari na kuisha haraka.

Vikombe vitolewe na kuingizwa kwa kubanwa polepole. Nyundo nzito inapindisha masikio. Kama ringi ya kufungia kikombe inakataa kuingia kwenye mfereji wake, kuna sindano moja imeanguka ndani. Toa kikombe, ipange upya. Ukilazimisha, umeharibu kipande kipya siku hiyohiyo. Kiisha kazi, msalaba ugeuke laini pande zote. Bulo zikazwe sawasawa, na zikazwe tena baada ya kilometa 100 hivi.

Kwa barabara zetu, kipimo kizuri ni grese kila kilometa 5.000, ao kila mara mafuta ya motere yanabadilishwa. Gari ikipita ndani ya mto ao kwenye matope yanayofika kwenye ekseli, isingoje hizo kilometa.

Ikikatika njiani

Karda ikikatika upande wa mbele, ncha yake inaanguka na inaweza kuchimba barabara ao kukata tiyo za freni. Ikikatika popote, motere haizuii tena magurudumu ya nyuma. Kwenye miteremko kama ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, ao ya Kabasha, kuelekea Kanyabayonga, shofere aliyekuwa anashuka kwa nguvu ya vitesi anabaki na freni za mguu peke yake, na gari imejaa.

Kwa hiyo mtetemo mkali ukianza ghafla, gari isimame mahali tambarare, watu washuke, mawe yawekwe. Pikapu yenye kuvuta magurudumu manne inaweza kufika garaji ya karibu polepole kwa karda ya mbele, ile ya nyuma ikiwa imefunguliwa, bila mizigo na bila abiria. Na isishuke mteremko mkali katika hali hiyo.

Shofere anayepaswa kumletea mwenye gari pesa kila siku anaogopa kupoteza siku moja garaji. Mwenye gari naye anangoja gari isimame yenyewe. Kati yao kuna mama anayepeleka maharagi sokoni, amekaa juu ya magunia, na anasikia ile «ko» kila gari inapoanza. Yeye pia ana haki ya kuuliza inatoka wapi, mbele ya kupanda.