Ustahiki wa Ruzuku ya Serikali kwa Miradi Shirikishi ya Akili Unde katika Minyororo ya Ugavi: Mfano wa Uingereza

1. Utangulizi

Taarifa za shehena moja hutawanyika mikononi mwa wengi: mzalishaji, msafirishaji, mwenye ghala na muuzaji. Kila mmoja huona kipande chake tu, ilhali programu ya akili unde inayokusudiwa kubashiri mahitaji au ucheleweshaji huhitaji kujifunza kutokana na vipande vyote. Ndiyo maana ruzuku za serikali katika uwanja huu aghalabu huambatana na sharti la ushirikiano. Makala hii inafafanua masharti hayo kama yanavyotumiwa na Innovate UK, wakala wa ubunifu wa serikali ya Uingereza. Inatetea hoja kwamba kampuni ndogo inaweza kustahiki kwa mujibu wa kanuni na bado ikashindwa kushiriki, kwa sababu kanuni hupima kiwango cha ruzuku bila kupima wakati wa kuilipa.

2. Nani anahesabiwa kuwa mshirika

Innovate UK hutoa ruzuku kwa njia ya mashindano, na kila shindano huwa na masharti yake. Hata hivyo, yapo masharti yanayojirudia. Mshirika anayedai ruzuku sharti awe amesajiliwa Uingereza na kazi ya mradi ifanyike humo. Ili mradi uitwe shirikishi, mshirika kiongozi na angalau mwenzake mmoja hutakiwa wote wawili kudai ruzuku. Kwa kawaida, angalau mmoja kati ya washirika huwa kampuni ndogo au ya kati. Kampuni ndogo ni ile yenye wafanyakazi chini ya 50, na ya kati ni yenye wafanyakazi chini ya 250, pamoja na vigezo vya mapato au mali. Aidha, mashindano mengi huweka ukomo wa asilimia 70 ya gharama zote kwa mshirika mmoja, na asilimia 30 kwa vyuo na taasisi za utafiti zikijumlishwa pamoja.

Inabainika kwamba ushirikiano hapa hupimwa kwa mgawanyo wa gharama. Anayetoa data pekee, bila gharama ya kudai, hana nafasi katika kipimo hicho, hata kama mradi hauwezi kusimama bila data yake.

3. Kiwango cha ruzuku

Kiwango hutegemea ukubwa wa kampuni na aina ya kazi. Katika utafiti wa kiviwanda, kampuni ndogo huweza kupata hadi asilimia 70 ya gharama zake zinazokubalika, ya kati 60 na kubwa 50. Katika uendelezaji wa majaribio, ambao uko karibu zaidi na soko, viwango hushuka hadi 45, 35 na 25. Mantiki yake ni kwamba kadiri hatari inavyopungua, ndivyo mwekezaji binafsi anavyotarajiwa kubeba zaidi. Kwa juu juu, basi, mpangilio huu unampendelea mdogo.

4. Wakati wa malipo

Ruzuku hii kwa kawaida hulipwa kila robo mwaka, baada ya gharama kutumika na kukaguliwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ndogo ina gharama za pauni 160,000 katika mradi wa mwaka mmoja wa utafiti wa kiviwanda, yaani pauni 40,000 kila robo mwaka. Kwa asilimia 70, ruzuku yake ni 112,000 na mchango wake ni 48,000. Tukichukulia kwamba malipo ya kila robo, pauni 28,000, huingia katikati ya robo inayofuata, kampuni itakuwa imekwisha kutumia 60,000 kabla ya kurudishiwa hata pauni moja. Kufikia katikati ya robo ya nne, kabla ya malipo ya tatu, itakuwa imetumia 140,000 na kupokea 56,000 tu. Hivyo, pengo la kuzibwa ni 84,000, karibu mara mbili ya mchango ulioandikwa katika maombi. Kampuni kubwa huziba pengo la aina hii kwa akiba yake. Ndogo hulazimika kukopa au kujitoa.

5. Washirika walio nje ya mipaka

Chai na maua ya Kenya huuzwa kwa wingi Uingereza. Mradi wa kubashiri uharibikaji wa maua safarini ungehitaji kumbukumbu za joto tangu shambani. Hata hivyo, msafirishaji bidhaa wa Kenya asiye na usajili Uingereza hawezi kudai ruzuku. Anaweza kushiriki kwa gharama yake, au kupewa kazi kama mkandarasi mdogo iwapo waombaji watatoa sababu ya kutomtumia aliyeko Uingereza. Kwa hali hiyo, taarifa zake zinaweza kuingia katika mradi huku yeye akibaki nje ya makubaliano ya kumiliki matunda yake, isipokuwa mkataba utamke vinginevyo.

6. Hitimisho

Uchambuzi wa ustahiki usioishia kwenye orodha ya masharti unapaswa kuuliza maswali mawili zaidi: nani anaweza kungoja malipo, na data ya nani inatumika bila yeye kuhesabiwa. Malipo ya awali kwa kampuni ndogo yangejibu swali la kwanza. La pili linahitaji thamani ya data itambuliwe kuwa mchango katika mradi, sawa na mshahara au mtambo.