Usizoee Harufu ya Petroli

Anayenunua pikipiki iliyokwisha tumika mara nyingi huambiwa na muuzaji kuwa harufu ya petroli ni jambo la kawaida. Si kawaida hata kidogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutanda chini sakafuni, na cheche moja yatosha kuuwasha.

Itoe pikipiki nje, mbali na jiko na sigara, injini ikiwa imepoa. Funga koki, kausha kabureta kwa kitambaa, kisha fungua koki uangalie tone la kwanza latokea wapi. Likitoka kwenye mpira wa petroli, mpira umepasuka. Likitoka kwenye maungio ya bakuli la kabureta, raba imechoka. Likitoka kwenye kibomba cha chini, petroli inafurika: taka zimekwama kwenye sindano inayosukumwa na boya, au sindano imelika. Safisha kwanza, usikimbilie kununua kabureta nzima.

Mwisho, nusa oili. Ikinuka petroli na kuzidi kipimo, usiwashe injini kabla ya kuimwaga na kuweka mpya, kwani oili iliyozimuliwa hailindi vyuma.

Muuzaji akikataa uchunguzi huu wa dakika 10, rudi nyumbani na fedha zako.