Fundi wa Kitui aliyekataa kioo king'avu

Karibu na soko la Kalundu, mjini Kitui, mzee mmoja mwenye studio aliletewa kioo kipya cha kamera yake kutoka ng'ambo. Akakifunga, akakitumia kwa muda, kisha akaking'oa na kutia kingine alichokisaga kwa mkono wake mwenyewe. Kile kipya kilikuwa king'avu zaidi. Tangu niisikie habari hiyo, haikunitoka akilini. Mpiga picha gani hukataa nuru?

Kamera yenyewe ni Yashica Mat 124G, ile ya lenzi mbili iliyotoka mwaka 1970 na kukoma kutengenezwa 1986. Wasomaji wengi wanaikumbuka: mpiga picha anainamia kifua chake, nawe unaambiwa usipepese macho. Lenzi ya chini hupiga picha, ya juu ni ya kutazamia. Sura inayoingia juu huakisiwa na kutua kwenye kioo cha fokasi, kipande cha mraba kilichosagwa upande mmoja hadi kikashika ukungu. Bila ukungu huo sura haina pa kutua.

Kioo cha awali kilivunjika kamera ilipoanguka. Jamaa zake wakamtumia cha kisasa, cha plastiki, chenye vilenzi vidogo mno kuonekana kwa macho. Vioo vya namna hiyo vilipata sifa mwishoni mwa miaka ya 1980, Minolta ilipoitengenezea Hasselblad vile vya Acute-Matte.

Mzee, aliyeniomba nisimtaje jina, alimkalisha mjukuu wake mlangoni, akanipa nitazame kwa vyote viwili. Kwa kile kipya mtoto aling'aa, na hata pembe za kioo zilikuwa na mwanga. Nikazungusha kifundo cha fokasi. Uso ukawa safi, ukaendelea kuwa safi, nikashindwa kusema ni wapi hasa umetulia. Kwa kile cha kusaga, pembe zilikuwa na giza na chembechembe zilitapakaa juu ya sura yote. Lakini nilipozungusha, kope za mtoto zilichomoza ghafla, moja moja. Nikagusa kifundo kidogo tu, zikayeyuka.

"Umeona?" akauliza. "Kile kingine kinakusifu tu, mwanangu. Hiki kinakwambia umekosea."

Sababu ipo. Kioo king'avu huelekeza miale jichoni badala ya kuitawanya, kwa hiyo kilicho nje ya fokasi huonekana safi kuliko kitakavyotoka kwenye filamu. Na hapa nafasi ya kukosea ni finyu: kwa lenzi ya milimita 80 iliyofunguliwa hadi 3.5, mtu akiwa mita moja na nusu mbele yako, eneo lililo safi ni kama sentimita 12 tu. Jicho likitoka vizuri, sikio tayari limeanza kufifia. Filamu ya 120 ina picha 12, na kila moja ni pesa.

Kioo alichosaga kilitoka kwenye fremu ya picha ukutani. Alikilaza juu ya kioo kingine kipana, akatia maji na grisi laini ya kusagia valvu, ile inayouzwa kwenye maduka ya spea, akakizungusha pole pole mchana kutwa. Ukisaga kwa unga mkavu, anasema, chembe zinakuwa kubwa na kope huzioni tena.

Kusaga ndiyo kazi nyepesi. Upande wenye ukungu lazima utazame chini, na ukae pale pale ulipokaa ule wa zamani. Kioo kikipanda nusu milimita tu, kwa umbali ule wa mita moja na nusu fokasi huhama sentimita 15 hivi. Ili kuhakiki, mzee hufungua mgongo wa kamera, huiacha shata wazi, hubandika karatasi ya kuchorea ramani mahali pa filamu, kisha huelekeza lenzi kwenye mlingoti wa mbali. Mlingoti ukiwa mkali juu na ukungu chini, huongeza vipande vya karatasi chini ya pembe za kioo hadi vikubaliane.

Nilimuuliza anafanyaje kanisani jioni, taa zikiwa hafifu. Alinyamaza kidogo, akakiri kwamba hapo huona vivuli tu, hupima umbali kwa hatua na kusoma namba kwenye kifundo. Je, kwa kazi hiyo kioo kipya si bora? Hakunijibu. Wala hakuwa na jibu kuhusu atakayeirithi kazi hii, kwa kuwa mjukuu hupiga picha kwa simu.

Kwa upande wangu, mzee amechagua sawa. Nawe kama una kamera ya namna hii kabatini, usikisugue kioo chake kwa spiriti, maana huenda ni plastiki na itaharibika. Pangusa kwa brashi laini. Na ukilazimika kukibadilisha, weka alama ni upande upi ulikuwa chini kabla hujakitoa.