Umefufua Msumeno wa Zamani? Kabla ya Kuuwasha, Hesabu Vidole

Kama uliacha chuo kama mimi, unajua ile hali ya kutafuta kazi ya mkono na mfukoni hamna kitu. Mwaka jana nilinunua msumeno wa meza wa zamani, uliotengenezwa Uingereza, kwenye yadi ya vyuma kuukuu karibu na Gikomba. Ulikuwa kutu tupu. Muuzaji aliupima kwa kilo, mabeshte wakanicheka.

Wacha wacheke. Mashine nyingi mpya za bei ya chini zina meza nyepesi ya alumini. Hizi za kitambo meza yake ni chuma kizito cha kalibu. Uzito huo unapunguza mtetemo, ndio maana mbao inakatika safi.

Ukipata yako, anza na kutu. Mafuta taa, msasa na subira. Kisha paka nta, si mafuta, maana mafuta yatachafua mbao. Beringi zikipiga kelele, zitoe, usome namba iliyoandikwa ubavuni, uende nayo Kirinyaga Road.

Angalia mota pia. Nyingi za viwandani zinatumia stima ya fezi tatu, volti 415, na kwako pengine kuna fezi moja tu, volti 240. Mwite fundi wa stima aliyesomea kazi hiyo. Usibahatishe.

Sasa kosa langu. Nilifunga mota mpya yenye nguvu nikasahau kitu kimoja: lile bamba jembamba la chuma linalosimama nyuma ya bledi. Lilikuwa limepotea, nikaona si neno. Kazi yake ni kuzuia mbao iliyopasuliwa isijifunge na kubana bledi. Mbao yangu ilibana. Meno ya nyuma yakaiinua na kuirusha kwangu. Ilipita karibu na mbavu, ikatoboa mabati.

Mzee anayenifunza kazi, ambaye mkono wake wa kushoto una vidole vitatu, alizima mashine akaniambia, "Kijana, umeipa nguvu kabla ya kuipa adabu."

Siku hiyo tulichonga bamba jipya: nene kuliko mwili wa bledi, lakini jembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Tukaweka swichi kubwa ya kuzima kwa goti. Tukachomoa plagi, tukaweka alama kwenye jino moja, tukapima umbali wake hadi mfereji wa meza, mbele na nyuma, mpaka vipimo vikalingana. Na ukikata, tumia kijiti cha kusukumia mbao. Glavu vua, zinaweza kunaswa zikavuta mkono.

Leo majirani wananiletea mbao niwapasulie, na kodi inalipika. Kwa hivyo ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, mota ingoje. Nunua usalama kwanza. Mimi vidole vyangu kumi bado ninavyo, na ndivyo vimekuandikia haya.